Jinsi ya Kuchora Karata za Familia na Kazi Zao kwa Mtindo wa Enzi ya Malkia Victoria

Katika karne ya 19 kampuni ya John Jaques ya London ilitoa karata ziitwazo Happy Families, za mchezo ambao wachezaji huombana karata ili kukamilisha familia, na ambamo kila familia ina karata 4: baba mwenye kazi yake, mkewe, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Michoro yake, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya John Tenniel, mchoraji wa jarida la Punch, ina vichwa vikubwa kupita kiasi juu ya miili midogo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kazi zinazotambulika kwa kifaa kimoja tu. Wamo Mr Bones mwenye bucha, Mr Chip seremala na Mr Soot msafisha dohani, ambao kisu, msumeno na brashi vyatosha kuwatambulisha. Karani na mwanasheria waache, kwa maana wote wawili hushika karatasi na watawachanganya wachezaji.

Pili, chora kwa ukubwa maradufu wa karata. Ikiwa karata itakuwa na milimita 63 kwa 88, karatasi yako iwe na 126 kwa 176. Mtu akiwa na urefu wa sentimita 15, kichwa kichukue 5. Kwa kuwa karata zikitandazwa mkononi huonekana ukanda mwembamba wa upande wa kushoto tu, kifaa cha kazi kiwekwe upande huo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa. Anza na baba, kisha pua yake au taya yake uwarithishe watoto, kwani katika mchezo huu hairuhusiwi kumwomba mwenzako karata ya familia ambayo huna hata mtu wake mmoja mkononi, hivyo udugu lazima uonekane upesi. Mama hashiriki damu hiyo, basi yeye aunganishwe na familia kwa kazi. Karata za zamani humwita tu mke wa fulani, jambo ambalo mimi siliigi: mke wa mwenye bucha mimi namchora akipima nyama kwenye mizani, aproni ikiwa na alama za vidole pale anapofutia mikono, na binti yake akiburuta mfupa unaomzidi urefu.

Nne, pitisha wino juu ya penseli, na usifute penseli kabla wino haujakauka kabisa. Picha za Punch za wakati huo zilichongwa kwenye mbao, kwa hiyo kivuli chake ni mistari mitupu; nawe usisugue kwa kidole, bali panga mistari myembamba inayofuata umbo, iliyopinda kwenye shavu na iliyonyooka kwenye meza. Kwa msafisha dohani, ambaye nguo zake zote ni nyeusi, acha ukingo mweupe kati ya mkono na kifua, la sivyo atakuwa doa tupu.

Rangi za maji 3 zinatosha. Kisha skani, punguza hadi nusu, chapisha kwenye karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kata na viringisha pembe. Kabla ya kuchapisha pakiti nzima, ficha majina na uwape watu wasioijua michoro wapange familia wenyewe. Yeyote atakayewekwa kwenye nyumba isiyo yake achorwe upya.