Kujaza upya viungo vya tofali kwenye nyumba ya zamani inayolindwa kisheria

Nyumba nyingi za vitongojini zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zina kuta za tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa chokaa na mchanga, mchanganyiko (mota) unaojaza viungo, yaani nafasi kati ya tofali na tofali. Saruji ya Portland ilipewa hataza mwaka 1824, lakini waashi wa nyumba za kawaida waliendelea na chokaa kwa miaka mingi baadaye. Matengenezo mengi huharibikia hapo: fundi anakuja na mfuko wa saruji, anaziba viungo vilivyolika, ukuta unapendeza, kisha baada ya misimu michache uso wa tofali unaanza kubanduka vipande vipande.

Sababu ni maji. Mvua ikipiga ukuta wa aina hii, sehemu ya maji huingia ndani, na jua likitoka hurudi nje kupitia kiungo, kwa kuwa chokaa ina vinyweleo vingi kuliko tofali. Ukiziba njia hiyo kwa saruji, maji yanatokea kwenye tofali lenyewe. Chumvi iliyomo hugeuka fuwele nyuma ya uso wa tofali na kuusukuma nje. Kwenye baridi kali, barafu hufanya kazi hiyohiyo haraka zaidi. Kwa hiyo kiungo kinatakiwa kiwe dhaifu kuliko tofali. Kikilika kinajazwa upya. Tofali likilika halirudi.

Soma ukuta kwanza

Angalia jinsi tofali zilivyopangwa. Ukiona vichwa (ncha fupi za tofali) na mbavu (pande zake ndefu) vikipishana, ama ndani ya mstari mmoja ama mstari kwa mstari, mara nyingi huo ni ukuta mzima usio na uwazi katikati, wenye unene wa milimita 225 hivi. Mbavu tupu kila mstari kwa kawaida humaanisha kuta mbili nyembamba zenye uwazi kati yake, na huko unyevu una tabia nyingine.

Kagua pia pande zote nne, usiridhike na mbele. Nyumba hizi mara nyingi zina uso wa barabarani wa tofali laini lililochaguliwa, viungo vyake vikiwa vya milimita 3 hadi 5, huku ubavuni na nyuma kukiwa na tofali la bei nafuu na viungo vya milimita 10 au zaidi. Ukikuta uzi mwembamba mweupe ulionyooka juu ya mota yenye rangi ya tofali, simama. Huo ni urembo wa makusudi, na kuurudishia kunahitaji fundi aliyeusomea.

Kujua kama kiungo ni cha chokaa, kikwaruze kwa ncha ya kisu. Chokaa huachia unga na mara nyingi huonyesha vidonge vyeupe vidogo. Saruji ni ya kijivu na kisu huteleza juu yake. Jaribio la kudondoshea siki halitoshi, kwa sababu mchanga wenye vipande vya kombe au mawe ya chokaa nao hutoa povu.

Kibali huja kabla ya patasi. Rangi ya mota, upana wa kiungo na umbo lake ni sehemu ya sura inayolindwa. Peleka kwa mamlaka inayolinda nyumba hiyo picha, mchoro wenye maeneo yaliyowekewa alama, mchanganyiko utakaotumia, na sampuli iliyojazwa kwenye kona isiyoonekana sana na kuachwa ikauke. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka urekebishaji ukome pale kubahatisha kunapoanza, na kwenye viungo ushauri huo unatekelezeka: tafuta mota ya asili mahali ambapo mvua haikufika, kama vile chini ya ukingo wa paa au nyuma ya bomba la maji ya mvua, kisha uifuate hiyo.

Na rekebisha chanzo cha maji kwanza. Gata iliyotoboka hapo juu itaila kazi yako. Udongo wa nje uwe chini ya tabaka la kuzuia unyevu kwa milimita 150 angalau, na matundu ya hewa chini ya sakafu yawe wazi. Usipake dawa ya kuzuia maji. Inafunga unyevu ulio ndani.

Kuchimbua

Chimbua kwa mkono: nyundo na patasi nyembamba kuliko kiungo, au kipande cha msumeno wa chuma kwenye viungo vyembamba. Grinda huvuka mwisho wa kiungo cha wima na kukata tofali la juu na la chini, na alama hizo hazifutiki. Kina kiwe mara mbili ya upana: kiungo cha milimita 10 kinachimbuliwa milimita 20 hadi 25. Mwisho wa shimo uwe bapa. Ukiwa na umbo la V, mota mpya haishiki.

Viungo vilivyo salama viache. Mota kugeuka nyeusi si sababu ya kuitoa. Saruji ya zamani iliyong'ang'ania hadi inang'oa kingo za tofali nayo ni afadhali ikae ilipo mpaka ilegee yenyewe.

Mchanganyiko

Mchanga ndio unaoamua rangi na uimara. Uwe umeoshwa, wenye punje kubwa na ndogo zilizochanganyika na zenye kona, kubwa zaidi isizidi theluthi moja ya upana wa kiungo. Mchanga wa ufukweni usitumike, una chumvi. Kujua kiasi cha chokaa, jaza lita 1 ya mchanga mkavu kwenye chombo, kisha mimina maji uliyoyapima mpaka yafike usawa wa mchanga. Maji hayo ndiyo nafasi iliyo kati ya punje, na chokaa inatakiwa iijaze. Yakiingia mililita 330, uwiano ni 1 kwa 3. Yakiingia 400, ni 1 kwa 2.5.

Kwa tofali laini tumia chokaa ya rojo iliyozimwa na kulazwa miezi 3 au zaidi. Huganda polepole kwa kuvuta kaboni dioksidi iliyo hewani. Penye mvua nyingi, tumia chokaa inayoganda kwa maji, yenye alama ya NHL 2 au NHL 3.5 kwenye mfuko. NHL 5 kwa tofali la kale ni ngumu mno mara nyingi. Usiongeze saruji, hata "kidogo tu ya kuharakisha". Vaa miwani na glovu: chokaa huunguza, na ikiingia jichoni osha kwa maji safi mfululizo na uende hospitali.

Mota iwe kavukavu: ukiifinyanga iwe donge, ishikane bila kuacha maji kiganjani.

Kujaza

Piga brashi viungo kuanzia juu kushuka, osha vumbi, loanisha ukuta jioni, kisha tena kabla ya kujaza. Ukuta uwe na unyevu lakini usimetemete. Sindilia mota kwa mwiko mwembamba mpaka nyuma kabisa; shimo linalozidi milimita 25 lijazwe kwa matabaka. Kama kingo za tofali zimemomonyoka, ishia ndani kidogo. Ukijaza hadi usawa wa uso, mota inapanda juu ya kingo, kiungo kinaonekana kipana maradufu, na ule ukingo mwembamba unapasuka.

Subiri hadi ukucha wa dole gumba uache alama hafifu tu, ndipo ugongegonge kwa brashi ngumu. Hapo punje za mchanga hutokeza na nyufa ndogo hujifunga. Ukiwahi, mota inapakaza tofali. Ukichelewa, brashi haina kazi.

Baada ya hapo funika kwa magunia yaliyoloanishwa, yasigusane na ukuta, na nyunyiza ukungu wa maji mara kadhaa kwa siku kwa wiki nzima. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 5 usifanye kazi hii, na mota changa isipigwe na barafu.

Nyufa za kukauka humaanisha maji yalizidi au chokaa ilizidi. Utando mweupe juu ni chokaa iliyovutwa nje na maji. Kiungo kinachotoka unga ukikipangusa wiki kadhaa baadaye kilikauka kabla ya kuganda, na kosa mara nyingi ni magunia yaliyoachwa makavu. Kwa chokaa ya rojo unaweza kuhakikisha: vunja kipande, dondoshea fenolftaleini, kimiminika kinachogeuka waridi kikikuta chokaa ambayo bado haijaganda. Ikigeuka waridi ndani tu, kazi inaendelea, upe ukuta muda. Kisichogeuka rangi kabisa na bado kinamomonyoka, kichimbue ukijaze upya.