Kabla hujajifungua, jua utamuuliza nani kuhusu kunyonyesha

Mama kijacho, najua beseni na khanga ushapanga, ila kuna kitu wengi hatupangi: saa nane usiku mtoto analia, chuchu zinauma mpaka machozi, utamuuliza nani? Mi kwa mtoto wa kwanza sikupanga, nikabaki na simu mkononi, grupu la WhatsApp linasema uji wa pilipili manga, video inasema kamua kwanza, nyumbani wanasema yale maziwa ya njano ni machafu mwaga, nikachanganyikiwa siku ya pili nikampa maji ya glukosi, mpaka leo inaniuma.

Kwahiyo anzia kliniki ukiwa bado na tumbo. Hudhurio lijalo usiishie kupimwa presha, mwambie nesi akuonyeshe mtoto anavyopakatwa, na uliza hapo utakapojifungulia wanamweka mtoto kifuani ndani ya saa 1 ya kwanza au vipi, na ukifanyiwa opereshen nani atakusaidia. Nenda na baba mtoto au mama mkwe asikie mwenyewe, itakupunguzia mabishano.

Mengine yajue kabla kichwa kikiwa kimetulia. Yale ya njano ndo chakula na kinga yake, ni kidogo kwasababu na tumbo lake dogo, mengi yanashuka siku ya 2 mpaka ya 4 hivi. Kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku humohumo, ni kawaida, haimaanishi huna maziwa. Kilio sio kipimo cha kushiba jamani, angalia mkojo, kuanzia siku ya 5 hivi alowanishe nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na uzito kwenye kadi. Chuchu ikiuma sana usikaze meno, mara nyingi kashika chuchu tupu, mtoe umrudishe, mdomo uwe wazi kabisa achukue na ule weusi, kidevu kiguse ziwa.

Ya mtandaoni angalia anayeongea anauza nini. Akisema maziwa yako mepesi halafu chini kaweka namba ya kuagiza unga, pita. WHO wanasema maziwa ya mama tu miezi 6, hata maji hapana, halafu unaendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 na zaidi. Uji na mtori kunywa wewe, vinakupa nguvu. Kama unatumia ARV hayo usiulize kwenye grupu, nenda CTC yako (kliniki ya matibabu ya VVU), wengi wananyonyesha vizuri tu wakiwa kwenye dawa.

Kama umeajiriwa hapa Tanzania, likizo ni siku 84, mapacha 100, na ukirudi kazini sheria inakupa muda wa kunyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku, ongea na bosi mapema.

Ila ukipata homa na ziwa limekuwa jekundu la moto, au mtoto analala tu hataki kunyonya, hapo usigoogle wala kuuliza mtu, ni hospitali muda huohuo, kwahiyo namba ya bajaji wa usiku iwe ushaisevu.