Somo: Jinsi ya kufuatilia historia ya medali ya zamani ya michezo ya baa

Wakuu, medali ile niliyoinunua kwenye soko la mitumba la Jumapili huku Midlands, Uingereza, kwa pauni nane, imenizalia maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Wengi mmeuliza nilijuaje ni ya msimu wa 1935-36. Basi nawapa njia niliyopita.

Kwa ambaye hajawahi kuziona: baa za Uingereza zilikuwa, na nyingine bado zina, ligi za vishale, domino, karata na kuangusha vigingi kwa mpira. Mshindi alipewa medali ndogo yenye pete juu, akaitundika kwenye mnyororo wa saa ya mfukoni. Ndiyo hizo tunazoziokota leo.

Hatua ya 1: Usiisugue. Najua mkono unawasha. Ule weusi uliojaa kwenye michongo ndio utakaokusaidia kusoma herufi zilizolika. Iweke karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu, upige picha pande zote, na ukingo pia.

Hatua ya 2: Soma mihuri. Hapa ndipo penye utamu. Madini halisi ya fedha (silver) ya Uingereza hupelekwa ofisi ya upimaji na kupigwa mihuri midogo, mara nyingi nyuma. Chukua kioo cha kukuza. Simba anayetembea maana yake ni fedha ya sehemu 925 kwa 1,000. Halafu kuna alama ya mji: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, taji (kabla ya 1975) ni Sheffield, upanga na miganda mitatu ya ngano ni Chester, ofisi iliyofungwa 1962. Nyingi utakazoziona ni za nanga, kwa sababu mafundi wa medali walijazana Birmingham. Husimuliwa kwamba nanga na taji zilitokana na baa moja ya London iliyoitwa Crown and Anchor, walikokutana watu wa miji hiyo miwili walipokuwa wakidai ofisi zao mwaka 1773. Kama ni kweli, medali ya baa ina baa hadi kwenye muhuri wake!

Kisha kuna herufi moja ya mwaka. Birmingham walianza A kubwa mwaka 1925, wakaruka I, wakafika Z mwaka 1949. Yangu ni L, yaani 1935. Lakini zamani herufi ilibadilishwa katikati ya mwaka, kwa hiyo L hiyo inaingia hadi 1936. Angalia pia umbo la herufi na la ngao inayoizunguka, maana kila mji ulikuwa na mzunguko wake na herufi zilezile hurudi.

Hatua ya 3: Fumbua vifupisho. Waliochonga walilipwa kwa herufi, hivyo walibana maneno. Yangu imeandikwa "D.L." tu, jina la baa, na 1936. L ni ya ligi, lakini D ni ya vishale (darts) au ya domino? Nilihangaika jioni nzima, kumbe upande wa mbele kuna kibao cha vishale kilichochongwa wazi. Aibu yangu.

Hatua ya 4: Magazeti ya mtaa. Jina la baa peke yake halikufikishi popote, maana Red Lion ziko mamia. Hifadhi ya mtandaoni ya magazeti ya Uingereza, ya kulipia, hukuruhusu kubana utafutaji kwa mkoa na miaka. Magazeti ya wilaya yalichapisha matokeo ya ligi kwa majina ya baa. Tafuta baa mbili za jirani kwa pamoja bila kutaja mchezo, kwa sababu mashine inayosoma kurasa hizo hukosea herufi zilizofifia.

Hatua ya 5: Watu. Orodha za biashara zilizochapishwa na kampuni ya Kelly zinataja mwenye baa. Kwa wachezaji, sensa ya 1921 ilifunguliwa 2022. Ya 1931 iliungua 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na daftari la wakazi la tarehe 29 Septemba 1939: jina, kazi, anwani.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, yangu haina simba, ina EPNS tu.*
Hiyo imepakwa fedha juu ya metali nyingine, haina herufi ya mwaka. Usiitupe. Tafuta jina la fundi nyuma au kwenye kiboksi chake, kisha nenda moja kwa moja hatua ya 3.

*Imechongwa 1931 lakini muhuri ni wa 1928. Nimepigwa?*
Hapana. Sonara aliziweka dukani tupu, akachonga mteja alipokuja. Ogopa kinyume chake: muhuri ukiwa wa miaka baada ya mwaka uliochongwa, uliza maswali.

*Jina ni la mwanamke, 1938. Kweli wanawake walicheza vishale baa?*
Walicheza, tena mwaka huo unaeleweka vizuri. Desemba 1937 Mfalme George wa Sita na mkewe, Malkia Elizabeth, walitembelea kituo cha jamii huko Slough, wakarusha vishale, Malkia akamshinda mumewe. Magazeti yakaishikia bango habari hiyo, na wanawake wengi wakaingia mchezoni. Tafuta ligi za wanawake kwenye gazeti la wilaya kuanzia mapema 1938.

*Nimempata kwenye gazeti, ila daftari la 1939 limefunika mstari wake.*
Rekodi ya aliyezaliwa chini ya miaka 100 iliyopita hufungwa mpaka ithibitike amefariki. Lakini hebu hesabu kwanza: bingwa wa 1936 hawezi kuwa amezaliwa 1930. Huenda uliyempata ni mtoto wake mwenye jina lilelile. Angalia mstari wa juu yake.