Somo: Jinsi ya kupima kama chembe nano za oksidi ya seriamu zinalinda seli za binadamu

Wakuu, somo hili ni la walio maabara. Anayetafuta dawa ya kumeza ashuke moja kwa moja kwenye maswali, jibu lake liko huko.

Oksidi za metali si ndugu wa baba mmoja. Ya zinki na ya shaba huyeyuka taratibu ndani ya seli, zikaachia ayoni zenye sumu. Ya titani ikipigwa na urujuanimno hutengeneza radikali huru (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, zinazoharibu seli) badala ya kuzizima. Iliyojipatia jina kwa kulinda ni ya seriamu, CeO2, kwa sababu seriamu huhama kwa urahisi kati ya Ce3+ na Ce4+. Kwenye uso wa chembe, atomu ya oksijeni ikikosekana hubaki pengo, na karibu na pengo hilo ndipo Ce3+ hukaa. Chembe ikiwa ndogo zaidi, sehemu ya Ce3+ huwa kubwa zaidi. Yenye Ce3+ nyingi huiga kimeng'enya cha SOD, yaani hugeuza superoksaidi kuwa hidrojeni peroksaidi. Yenye Ce4+ nyingi huiga kimeng'enya kingine, katalesi, huivunja peroksaidi hiyo ikawa maji na oksijeni. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliodungwa chembe hizi jichoni hawakupoteza seli zao za kuonea walipowekwa kwenye mwanga mkali. Tangu hapo kila mtu anazipima, na wengi wanazipima vibaya.

Hatua ya 1: Ijue chembe uliyonunua. Ukubwa ulioandikwa kwenye chupa ni wa chembe kavu chini ya hadubini ya elektroni. Ndani ya midia (maji ya kukuzia seli) yenye chumvi zinashikana. Pima kwa DLS (kipimo cha ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga) katika maji, kisha katika midia utakayotumia, mwanzoni na baada ya saa 24. Uwiano wa Ce3+ kwa Ce4+ pima kwa XPS (kipimo cha uso wa chembe kwa eksirei). Nyingine huuzwa zikiwa zimevikwa sitreti au polima, kwa hiyo zizungushe kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu yasiyo na chembe, uyajaribu peke yake. Kama na yenyewe yanalinda seli, sifa si ya seriamu.

Hatua ya 2: Zitawanye. Tumia sonikata (mashine ya mawimbi ya sauti) zikiwa ndani ya maji safi, ndipo uongeze midia yenye seramu ili protini zizivike. Usizihifadhi kwenye PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti). Fosfeti hujishikiza kwenye Ce3+ na kuua ile kazi ya SOD.

Hatua ya 3: Seli. Mimi napenda HaCaT, seli za ngozi, kwa kuwa hazisumbui. Weka kama 10,000 kwa kila kisima cha sahani nyeusi ya visima 96 yenye kitako angavu, ziache usiku kucha zishike. Dozi za kuanzia: mikrogramu 1, 10, 50 na 100 kwa mililita, kwa saa 24. Anza kwa kuona kama chembe peke yake zinadhuru.

Hapa kuna uamuzi ambao ripoti nyingi haziusemi: unaosha chembe zilizobaki nje kabla ya kuweka hidrojeni peroksaidi, ile ya kuziumiza seli ili uone kama chembe zinazilinda, au huoshi? Usipoosha, chembe zinaivunja peroksaidi humo humo kwenye midia kabla haijaigusa seli. Seli itapona, ndiyo, lakini hujaonyesha chochote kinachotokea ndani yake. Fanya yote mawili, uyaripoti kando kando.

Hatua ya 4: Peroksaidi. Chupa ya asilimia 30 ikiwa mpya ina karibu mola 9.8 kwa lita, ila hupungua nguvu kila inapofunguliwa. Hakiki kwa kusoma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 240 (gawanya usomaji kwa 43.6 upate mola kwa lita, njia ya mwanga ikiwa sentimita 1), na punguza makali siku ile ile ya jaribio. Kisha soma lebo ya midia: DMEM nyingi zina piruveti milimola 1, na piruveti huila peroksaidi. Watu wamewahi kuisifu chembe kwa kazi iliyofanywa na midia. Tumia isiyo na piruveti, tafuta dozi inayoua karibu nusu ya seli.

Hatua ya 5: Rangi ya DCFH-DA, inayoonyesha uoksidishaji ndani ya seli. Mikromola 10 hadi 20, dakika 30, gizani, bila seramu. Ikiingia, vimeng'enya vya seli huikata na kuinasa ndani; ikioksidishwa inakuwa DCF, inayong'aa kijani. Iangaze kwa nanomita 485, soma mng'ao kwa 530. Kumbuka haivamiwi na peroksaidi moja kwa moja, inahitaji chuma au peroksidesi. Kwa hiyo usiandike kwamba umepima kiasi cha peroksaidi.

Hatua ya 6: Visima vya kulinganisha. Bila hivi, usichapishe. Chembe na rangi bila seli. Seli na chembe bila rangi. NAC kama antioksidanti (kizima radikali) inayojulikana. Na kile ambacho watu hukiruka: chukua DCF ambayo tayari inang'aa, iongezee chembe. Mwanga ukififia, basi chembe zako zinaumeza, na "kushuka kwa radikali" uliyoona ni kiini macho.

Hata MTT (kipimo cha rangi cha seli zilizo hai) inaweza kudanganywa na chembe, kwa hiyo hesabu pia seli hai kwa macho. Ongeza kipimo cha glutathioni (antioksidanti ya seli yenyewe) au cha uharibifu wa mafuta ya utando.

MASWALI

*Mkuu, kwa mikrogramu 10 seli zinapona, kwa 100 zinakufa hata bila peroksaidi. Nimekosea wapi?*

Huenda hujakosea. Chembe nyingi huishia kwenye lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea taka ndani ya seli, ambako pH ni kati ya 4.5 na 5. Kwenye asidi hiyo kazi ya katalesi hushuka na chembe huanza kuoksidisha. Pia angalia kama mabonge yametua juu ya seli.

*Naweza kutumia HeLa? Ndizo tulizonazo.*

Kwa kujifunza mbinu, tumia. Lakini HeLa ni seli za saratani, nazo zina mfumo wao wa kupambana na oksidi, tofauti na wa seli za kawaida. Utafiti wa 2005 kuhusu mionzi ulikuta seriamu ikilinda seli za kawaida za titi, si za saratani ya titi aina ya MCF-7.

*Samahani mwalimu, mama yangu ameletewa vidonge vya "nano antioksidanti". Ameze?*

Hapana, dada. Kwa panya waliodungwa, seriamu ilibaki kwenye ini na wengu kwa miezi. Kulinda seli kwenye sahani hakumaanishi dawa.

*Ni kweli madini haya yapo kwetu?*

Yapo: Ngualla mkoani Songwe, Mrima huko Kwale, Gakara nchini Burundi. Ila chembe za maabara kwa kawaida hutengenezwa kwa nitreti ya seriamu na amonia, hazichimbwi.

*Hatuna mashine ya kusoma sahani. Hadubini ya floresensi (inayoonyesha mng'ao wa rangi) inatosha?*

Inatosha ukifunga muda wa kupiga picha uwe sawa kwa visima vyote. Taa yenyewe huoksidisha rangi, kwa hiyo piga picha moja tu kwa kila eneo, tafuta fokasi kwenye eneo jingine.