Postfix ikigoma, usianze na main.cf

Wengi wetu tunafunga Postfix, programu ya seva inayopokea na kupeleka meili, hivi: apt install postfix, unabandika main.cf (faili la mipangilio yake) uliyookota mahali, meili haziendi, unabandika nyingine juu yake, mwisho faili lina mistari mia na hakuna anayejua upi unafanya nini. Mimi mwenyewe nishalaza foleni ya ofisi wikiendi nzima kwa mstari mmoja tu wa relayhost, ule unaotaja seva ya kupitishia meili. Kilichonitoa huko ni kujua jamaa aliyeiandika alikuwa anaogopa nini.

Ni Wietse Venema, Mholanzi, yule yule wa TCP Wrapper, programu ya kuchuja nani anaingia kwenye huduma za Unix. Enzi hizo meili za Unix zilibebwa na Sendmail, programu moja kubwa inafanya kila kitu na tena kwa haki za root (mkuu wa mashine, anayeweza lolote), kwa hiyo tobo moja na mashine yote imekwenda, hata mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni mwaka 1988, mojawapo ya njia zake ilikuwa mlango wa debug wa Sendmail. Venema akiwa kituo cha utafiti cha IBM kule New York akaandika mbadala, mwanzo ukiitwa VMailer, ukatoka Desemba 1998 kwa jina la Postfix.

Wazo lake: hakuna kuaminiana, hata humu ndani. Kazi moja kaikata vipande. smtpd yuko mlangoni anapokea wa nje, cleanup anasafisha vichwa vya meili na kuiingiza foleni, qmgr anapanga nani aende lini, smtp anapeleka nje, local anagawia watu wa mashine hiyo hiyo, na master ndiye anayewaamsha wote. Wengi wao hawana root, na smtpd akishahudumia miunganisho 100 anaondoka mwenyewe anakuja mpya, hivyo hata kama anavuja memori hafiki mbali.

Sasa faida yake kwako. Piga postconf -n, itakuonesha ulivyoseti wewe tu, na vikizidi ukurasa mmoja jiulize kwanini. Angalia sana mynetworks, orodha ya mitandao unayoiruhusu kutuma kupitia kwako, ukiweka 0.0.0.0/0 (yaani dunia nzima) humo basi umefungua duka la spamu na kesho IP yako iko kwenye orodha nyeusi.

Halafu tuma meili moja ya jaribio huku unatazama logi kwa tail -f /var/log/mail.log (hiyo ni Ubuntu). Kila mstari umebeba jina la mfanyakazi, na meili ikishaingia foleni inapewa namba yake, itafute hiyo namba kwa grep uone imeishia kwa nani. Ukikuta smtpd anaandika NOQUEUE na reject, imekataliwa mlangoni, usihangaike na foleni. Ukikuta smtp na status=deferred, meili imeshapokelewa, shida iko kwenye kuipeleka, soma sababu iliyoandikwa hapo, na kama inasema Connection timed out kwa kila seva unayoipelekea meili basi asilimia kubwa mtoa huduma wako kaziba poti 25, mlango ambao seva hupelekeana meili, hapo hata ukeshe kwenye main.cf haitaenda.

Zilizokwama ziangalie kwa postqueue -p. Usizilazimishe kwa postqueue -f kila dakika, Postfix yenyewe inarudia kuanzia sekunde 300 ikizidi kuachia nafasi, inakupa siku 5 ndipo inamrudishia mtumaji. Ya kufuta futa kwa postsuper -d na namba yake, usiingie na rm kwenye folda la foleni, tafadhali.

Ukibadili kitu: postfix check, kisha postfix reload, mara nyingi kuristati hakuna haja.

Na ukikuta /usr/sbin/sendmail kwenye mashine usistuke ukaifuta, hiyo ni ya Postfix yenyewe, Venema aliiacha na jina la zamani ili watu wahame bila kugusa skripti zao, na mail() ya PHP yako hadi leo inapitia hapo.