Kazi Isiyoonekana Chini ya Marumaru

Mwaka wa tatu baada ya kuhamia katika nyumba yetu ya Moshono, Arusha, asubuhi moja ya Julai tulisikia mlio mkali kutoka sebuleni, na tulipofika tukakuta marumaru nne zimeinuka katikati ya sakafu, zimeegemeana kama paa la banda. Tulipozibandua, kila moja iling'oka na mafungu matano ya saruji iliyokauka, manne pembeni na moja katikati, na chini yake sakafu ya niru, yaani saruji iliyosuguliwa ikateleza, ilikuwa laini bila alama hata moja ya tindo. Tangu siku hiyo nimeweka marumaru kwa mikono yangu jikoni, bafuni na barazani, na muda wangu mwingi umekwenda katika kazi ambayo mgeni akiingia nyumbani hataiona.

Jamvi jipya la zege lipewe siku 28 za kukomaa, na lipu mpya ya ukutani ipewe angalau wiki 2, kwa kuwa saruji husinyaa inapokauka, na marumaru zilizobandikwa mapema huvutwa pamoja nayo hadi zikaachia. Lakini nyumba nyingi za Arusha na Moshi, ambazo hujengwa kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana, huwa tayari na sakafu ya niru iliyotumika miaka kadhaa kabla ya zamu ya marumaru kufika. Niru hufaa sana kupigwa deki, na ulaini huo huo ndio unaoifanya isishike kitu. Ichokoe yote kwa tindo na nyundo, alama zikiachana kwa sentimita 5 hivi, au ikwangue kwa grinda, kisha fagia na uoshe mpaka maji yatoke safi. Kama ilikuwa ikipakwa waksi, waksi yote iondolewe. Kabla ya hapo, gonga sakafu nzima kwa mpini wa nyundo. Mahali panapotoa mlio wa utupu pameachana na zege, kwa hiyo pavunje na upazibe upya. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta nao ukwanguliwe hadi lipu ionekane, hata kama fundi atakuambia kwamba rangi hiyo imeshika vizuri.

Laza rula ya alumini ya mita 2 sehemu mbalimbali za sakafu. Pengo chini yake likizidi milimita 3, zibe bonde hilo kwa mchanga na saruji siku chache kabla ya kazi, wala usitarajie gundi ya marumaru kulijaza, kwa sababu palipo na gundi nene husinyaa zaidi kuliko palipo na gundi nyembamba. Mchanga wa kuzibia uujaribu: tia kiasi katika chupa inayoonyesha, jaza maji, tikisa, uache utulie kwa saa chache. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, uoshe au utafute mwingine, maana udongo huizuia saruji kushikana.

Unaponunua, fahamu kwamba marumaru si za aina moja. Za kauri za ukutani hunywa maji, nazo porselini, ambazo sasa ndizo zinazopendwa kwa sebule, karibu hazinywi kabisa. Kiwango kinachoitambulisha porselini ni kunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Tofauti hii ndiyo inayoamua kitu cha kubandikia. Uji wa saruji hushika kwa kupenya katika vitundu vya mgongo wa marumaru, na porselini haina vitundu vya kutosha, kwa hiyo inahitaji gundi ya mfuko yenye polima, yaani kemikali inayoongeza mshiko. Anayetumia saruji kwa marumaru za kauri azilowanishe kwanza ndani ya maji ili zisiunyonye uji, na anayetumia gundi aziache kavu.

Maduka yetu huuza marumaru za kutoka nje na zile za viwanda vya Mkoa wa Pwani, kule Mkuranga na Chalinze, nazo zote huwa na namba ya rangi na ya kipimo kwenye boksi. Hakikisha maboksi yote yana namba zinazofanana, kwani tofauti ndogo ambayo haionekani dukani huonekana wazi zikishalazwa pamoja. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, utapata 22. Na kwa kuwa boksi la marumaru nne za sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, utahitaji maboksi 16. Zitakazobaki zihifadhi, maana baada ya miaka mitano hutapata tena rangi ile.

Vyumba vichache sana viko skwea. Vuta nyuzi mbili zinazokatana katikati ya sakafu, kisha pima mita 3 kwenye uzi mmoja na mita 4 kwenye mwingine. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe yako ni sahihi. Panga marumaru zikiwa kavu kuanzia kwenye nyuzi hizo, uzisogeze mpaka vipande vya pembeni visiwe vyembamba kuliko nusu ya marumaru, na vile vitakavyokatwa sana viangukie nyuma ya mlango au chini ya kabati.

Sasa gundi. Tia maji kwanza kwenye ndoo, kisha unga, koroga mpaka madonge yaishe, iache dakika 5, halafu koroga tena bila kuongeza maji. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye unyevu, paka gundi kwa upande laini wa mwiko ukiigandamiza, kisha ichane kwa mwiko wenye meno, ya milimita 6 kwa ukuta na ya milimita 10 kwa marumaru za 60 kwa 60, mistari yote ikielekea upande mmoja ili hewa ipate njia ya kutokea. Marumaru kubwa zipakwe pia tabaka jembamba mgongoni. Ilaze, isukume kidogo ukiikatisha mistari, igonge kwa nyundo ya mpira, uipime kwa pima maji. Kila baada ya kuweka chache, bandua moja utazame mgongo wake: ukiona sehemu ambayo haikuguswa na gundi, hapo ndipo kiti kizito kitakapoipasua.

Gundi iliyokwisha kuchanwa huanza kufanya ngozi ya juu baada ya dakika kama 20, na muda huo hutegemea hali ya hewa. Moshi, katika joto la Januari na Februari, paka eneo la marumaru mbili au tatu tu kwa wakati. Arusha, katika baridi ya Juni na Julai, gundi huchelewa kukaza, kwa hiyo usiikanyage sakafu kabla ya siku mbili. Tumia misalaba ya plastiki kuacha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya marumaru, na pembezoni mwa chumba acha milimita 8 bila kuzijaza saruji, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itazifunika. Nafasi hiyo ndiyo iliyokosekana sebuleni kwetu, na sakafu ilipotaka kutanuka haikuwa na pa kwenda ila juu.

Bafuni, ukuta uanzwe kwenye mstari wa pili. Pigilia ubao ulionyooka kwa pima maji, panga juu yake, kisha ukamilishe sakafu ndipo uweke mstari wa chini ukutani, ili maji yanayoteremka ukutani yaangukie juu ya marumaru za sakafu badala ya kuingia nyuma yake. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Paka dawa ya kuzuia maji tabaka mbili sakafuni na ukutani penye shawa kabla ya gundi, kwa kuwa grauti, ule uji wa kujaza mianya kati ya marumaru, peke yake haizuii maji. Unapokata kwa grinda, tumia diski ya almasi na maji, vaa miwani na barakoa. Vumbi la marumaru linaumiza mapafu.

Kwa baraza, chagua marumaru zenye uso wa kukwaruza, hata kama zile zinazong'aa zinavutia zaidi dukani, kwani wakati wa masika baraza huloa na mzee mmoja akiteleza hapo, hasara yake haifanani na bei ya sakafu.

Grauti itiwe baada ya saa 24, au siku mbili wakati wa baridi, kwa kuisukuma ndani ya mianya kwa mwiko wa mpira ulioinamishwa, ukipita kwa mshazari, kisha ifutwe kwa sponji yenye unyevu kidogo na maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Kwa nyumba zetu, ambazo udongo wa shambani huingia na kila kiatu, napendekeza rangi ya kijivu au ya kahawia; nyeupe haimalizi msimu mmoja wa mvua. Pembe zote ambako ukuta hukutana na sakafu au na ukuta mwingine ziachwe bila grauti na zijazwe silikoni, na bafu lisitumike kwa siku 3 baada ya hapo.