Ukipewa kiti chenye mkanda mnene ndani ya ndege

Mimi ni mrefu, na magoti yangu hayapatani na mgongo wa kiti cha mbele. Kwa hiyo nawinda safu ya kwanza, ile inayotazama ukuta. Huko, na kwenye viti vya daraja la biashara vilivyokaa mshazari, ndiko mara nyingi utakutana na mkanda wenye mfuko wa hewa, unaojaa wakati wa ajali ili kukinga kichwa. Mkono huutambua kabla ya macho: upande mmoja ni mnene na mgumu, kama umeshonewa soksi iliyokunjwa.

Sababu ni huo ukuta. Kiti hupimwa kwa mshtuko wa 16g, yaani mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia, na kipimo cha hatari ya jeraha la kichwa hakitakiwi kuzidi 1,000. Kichwa kikijibamiza ukutani, kikomo hicho huvukwa kirahisi. Kampuni ya AmSafe ya Marekani ilianza kuingiza mikanda hii kwenye ndege za abiria mwaka 2001. Gesi hutoka kwenye mtungi mdogo uliofichwa kitini, na mfuko hufumukia mbele, mbali na mwili wako.

Kabla ya kufunga, toa simu mfukoni. Kama suruali yako ina mkanda wenye bizimu kubwa, uvue kabisa. Hicho ndicho kinachouma safarini, na watu hulaumu mkanda wa ndege bure. Kaa nyuma mpaka kiuno kiguse kiti. Nyoosha mkanda usijipinde, sehemu nene itazame nje, kisha ukaze chini, juu ya mifupa ya nyonga. Mjamzito aupitishe chini ya tumbo. Blanketi liwe chini ya mkanda, si juu yake: mfuko unahitaji njia, na mhudumu hatakuamsha kukagua kama umefunga. Mto wa kukumbatia tumboni wakati wa kuruka na kutua, hapana.

Ukitaka kulala, egemea upande usio na unene. Usiulegeze mkanda hadi ukapanda juu tumboni.

Mitikisiko ya hewani isikutishe. Mfuko unangoja ndege isimamishwe ghafla kwa nguvu ya ajali, hauchezi kwa kila bonde la angani.

Mkanda haukutoshi? Usichukue kiungio cha kurefusha cha kiti kingine. Mwombe mhudumu kile kinachokubalika kwa kiti hicho; kuna viungio vinavyouzima mfuko, na yeye ndiye anayejua. Mwenye mtoto wa kupakata au kiti cha mtoto aulize anapokata tiketi, kwa sababu mashirika mengi hayaruhusu kwenye viti hivi. Kuhamishwa langoni huku umebeba mtoto ni adhabu.

Na kama huo unene unakukera kweli, chagua safu ya pili. Magoti yatalipa.